Na Mlango Ukifungwa?

Haya niliyasema mbele ya mkutano wa wafanyabiashara wadogo na mafundi wa Jiji la Tanga. Wenzetu waliokuwa safarini siku ile wameomba wasome yote, basi nayaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, wazee wangu wa Ngamiani, mama zangu wa soko la Mgandini, mafundi wa vyuma na wa mbao, na nyie vijana wa bodaboda mlioegesha hapo nje mkaingia kusikiliza: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni.

Nimetakiwa niseme mji ufanye nini wakati biashara ya dunia imechafuka. Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kabla ya kufungua duka la vifaa vya ujenzi, na kazi hizo mbili ndizo zilizonifundisha ninayotaka kuyasema leo. Nianze na bawaba.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 duka langu lilikaa wiki tisa bila bawaba. Bawaba, ndugu zangu! Kile kipande cha chuma kinachoshika mlango kwenye fremu. Tulikuwa wafanyabiashara watatu tumechangia kontena moja kutoka China, na kontena halifiki. Wakala wetu leo anasema wiki hii, kesho anasema wiki ijayo. Akaja mama mmoja anayejenga kule Kange. Nilipomwambia sina, hakubishana. Akanichukua mpaka kwake nikajionee. Milango minne imeegemezwa ukutani, imepigwa vanishi, inang'aa. Fremu ziko wazi. Usiku yeye na watoto wanajibana chumba kimoja, na mlangoni wanaegemeza bati na ndoo ya maji. Akaniambia, "Milango ninayo, mwanangu. Cha kuishikilia ndiyo sina."

Kwa nini yule mama alikosa bawaba? Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Ilipofika Desemba, kampuni kubwa za meli zikaikimbia njia ya Suez, zikawa zinazunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Sasa mtaniuliza: mzigo wa China kuja Tanga unapita Suez? Haupiti. Unakatisha Bahari ya Hindi moja kwa moja. Basi vita vile vilituhusu nini? Vilituhusu kwa sababu meli za dunia ni zilezile. Meli ya kutoka China kwenda Ulaya ikiongezewa siku kumi hivi za safari, inachelewa kurudi kupakia tena. Kontena tupu zinachelewa kurudi China. Meli zinakuwa adimu, nauli inapanda, na mwenye meli anaipeleka kwa mteja anayelipa zaidi. Mteja huyo si mimi wa Ngamiani.

Lakini nilipokuwa narudi kutoka Kange sikuwa namfikiria Mhouthi. Nilikuwa najiuliza: mji wenye watu wote hawa, wenye mafundi wote hawa, kweli hauna wa kutengeneza bawaba? Hilo nitalirudia. Kwanza nataka tukumbuke tulikotoka, kwa sababu mji huu si mara yake ya kwanza kufungiwa mlango.

Wazee mliokaa mbele mmeshajua ninakoelekea. Mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62. Sitini na miwili! Kutokana na hiyo, Tanga nzima ikageuka shamba. Muheza mkonge, Korogwe mkonge, Pangani mkonge, ukipanda treni kutoka hapa mpaka uione milima ya Usambara, dirishani ni mistari ya mkonge tu. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Hakuna aliyetupita duniani.

Baba yangu aliletwa na SILABU, ile ofisi iliyokuwa inaandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge. Alitoka Kasulu. Alipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Nilikuwa nampelekea chai shambani. Namkumbuka anakata jani, anapunguza ule mwiba wa nchani, anahesabu kwa sauti ya chini mpaka thelathini, anafunga tita, anaanza moja tena. Maji ya mkonge yalikuwa yanamwasha mikono mpaka usiku hawezi kushika tonge. Matita yanapandishwa kwenye vitoroli, yanakwenda korona, ile mashine ya kusaga majani, singa zinatundikwa juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, yanaingia behewani mpaka bandari hii hapa. Na kutoka hapa? Sehemu kubwa ilikwenda kuwa kamba ya mashine ya kufungia nyasi kavu za ng'ombe, huko Ulaya na Marekani.

Fikirini vizuri, ndugu zangu. Mji mzima ulikuwa umening'inia kwenye kamba ya nyasi za ng'ombe wa watu wengine.

Ikaja kamba ya plastiki. Rahisi, haiozi, inatengenezwa kiwandani na haimngoji mtu apande na kungoja miaka. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mabishano ya kilichofuata tumeyafanya vibarazani miaka mingi: wengine wanasema kosa ni kutaifisha mashamba mwaka 1967, wengine wanasema ni uendeshaji, wengine wanasema yote mawili. Mimi leo siyafufui. Ninachotaka mkione ni hiki: hata tungekuwa na mameneja bora kuliko wote, yule mnunuzi angeondoka tu, kwa sababu amepata kitu cha bei nafuu. Na sisi hatukuwa na mnunuzi mwingine, wala kitu kingine cha kumuuzia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeanguka mpaka kama tani 20,000. Na hakuanguka mkata mkonge peke yake. Alianguka fundi cherehani aliyemshonea, mwenye hoteli aliyemuuzia chapati, fundi baiskeli, mwenye nyumba ya kupangisha, mwalimu wa madrasa aliyelipwa na wazazi. Mlango ulikuwa mmoja. Ulipofungwa tulifungiwa wote.

Leo mkonge umeinuka tena, nchi imevuka tani 40,000, na safari hii wamo wakulima wadogo kupitia AMCOS zao, vyama vyao vya ushirika. Nafurahi, nasema kwa moyo. Lakini niwaulize nyie mnaopita bandarini: marobota yanaondoka yakiwa nini? Mengi yanaondoka yakiwa singa. Na katika jani la mkonge, singa ni kama asilimia nne tu. Iliyobaki inamwagwa! Pale Hale mtambo wa majaribio ulishaonyesha kwamba yale mabaki yanatoa gesi, na gesi inatoa umeme. Tunajua basi. Tunajua, na bado tunauza asilimia nne, tunamwaga tisini na sita, na tunamngoja mnunuzi atupangie bei.

Hadithi ya pili naisema kwa uchungu. Ni ya kiwanda cha mbolea.

Mwaka 1972 Tanga ilifunguliwa kiwanda cha mbolea. Jambo kubwa. Mkulima wa Tanzania atumie mbolea iliyotengenezwa Tanzania. Lakini kile kiwanda kilikuwa kinakula nini? Kilikuwa kinakula meli. Malighafi yake ililetwa kwa meli, na meli inataka fedha za kigeni. Nyie mliokuwa watu wazima miaka ile mnakumbuka nchi ilivyokauka fedha za kigeni: foleni za sabuni, foleni za sukari, betri ya redio mpaka umjue mtu. Kiwanda kinachokula dola kitaishije kwenye nchi isiyo na dola? Kilipofika 1991 kikafungwa.

Na sehemu inayouma zaidi ni hii. Kule Minjingu, Manyara, kuna mwamba wa fosfeti. Ni wetu. Mgodi ule ulifunguliwa 1983, na ulifunguliwa hasa ili ukilishe kiwanda cha Tanga. Yaani chakula cha nyumbani kilipatikana, lakini kilichelewa, mgonjwa alikuwa ameshadhoofika. Kiwanda kilipokufa, Minjingu nayo ikakosa mteja wake mkubwa, ikabidi ijitafutie njia nyingine. Halafu Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine, bei ya mbolea ikapanda dunia nzima, serikali ikalazimika kuweka ruzuku ili mkulima aweze kununua. Siku zile nilipopita na gari kwenye yale majengo ya zamani nilisimama kidogo. Nilishindwa kupita tu.

Basi nikisikia kiongozi anasema "tunaleta kiwanda", huwa napiga makofi, halafu nauliza swali moja: kitakula wapi? Kama malighafi inatoka nje, vipuri vinatoka nje na fundi wa kukitengeneza anatoka nje, hicho ni duka la mgeni lenye bomba la moshi.

Nije kwenye barabara na mipaka. Hapa nitakwenda upesi, maana wengi mnayajua kwa kuyaishi.

Februari 1977, Jumuiya ya zamani ilipokuwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa rasmi mpaka Novemba 1983. Miaka sita na zaidi! Ndugu zetu Wadigo walio huku na kule, Moa na Vanga, Horohoro na Lungalunga, mtu na shangazi yake, wakawa wanatembeleana kwa kujificha. Januari 2008 ikawa zamu ya wenzetu: vurugu baada ya uchaguzi wa Kenya zikaziba njia ya kutoka Mombasa, na Kampala na Kigali zikakosa mafuta ya petroli. Miji mikubwa ile, yenye fedha, ikasimama kwa sababu lango lake lilikuwa moja. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakapanga mstari mpakani, mahindi yakipata joto ndani ya turubai. Aprili 2025 sisi nasi tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, tukijibu walichotufanyia, mpaka mazungumzo yakaleta nafuu. Mwezi huohuo Marekani ikatangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima, nasi tukaangukia kwenye asilimia 10.

Mnaona? Jirani anaweza kufunga. Mkubwa wa mbali anaweza kufunga. Sisi wenyewe tunaweza kufunga. Kwa hiyo swali la mfanyabiashara siyo kama mlango utafungwa. Utafungwa. Swali ni moja: na mlango ukifungwa?

Lile la mahindi lina somo ambalo wengi hawakulishika. Kizuizi chenyewe kilidumu siku chache tu, kisha Kenya wakaruhusu kwa masharti: mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Nani alipita? Aliyekuwa na cheti. Nani alibaki anapigwa na jua? Asiyejua akapime wapi. Mlango uliofungwa ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa ni maabara. Maabara ya kupima sumukuvu kwangu mimi ni bandari kavu. Sijui niliseme vipi tena ili lieleweke. Machungwa ya Muheza yakiiva, wanunuzi wa Kenya wanaingia mpaka shambani, wanapanga bei wakiwa wamesimama chini ya mti. Mkulima anakubali, kwa sababu chungwa halina subira. Angekuwa na mahali pa kukamulia, pa kupozea, pa kupimia, akapata karatasi inayomfungulia Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, angeweza kumwambia yule mnunuzi, "Ngoja kwanza."

Na bandari yetu? Hapa niruhusuni niseme kama mtu aliyeota mvi pale. Miaka yangu ya ukarani meli ilikuwa inatia nanga nje huko, zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa sababu gatini kina kilikuwa mita tatu. Mzigo unashushwa kwenye tishari, ile boti bapa ya mizigo isiyo na injini, tishari linavutwa na tagi mpaka gatini, winchi inapakua tena. Mzigo mmoja unashikwa mara mbili. Nimewahi kusimama juu ya tishari la ngano, masika yanaingia kutoka upande wa Raskazone, vijana wanavuta turubai, upepo unalirudisha, na mimi kalamu mkononi nahesabu magunia yaliyoloa. Niliandika "yameloa, yameloa, yameloa" mpaka karatasi nayo ikaloa. Leo kina ni mita 13, gati lina urefu wa mita 450, zimetumika shilingi bilioni 429.1, meli inakuja inalala ubavuni. Treni ya mizigo ya kwenda Moshi nayo ilirudi 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota nyasi. Nilipoiona meli ya kwanza kubwa imefunga kamba gatini, sikujizuia machozi.

Lakini wazee wetu walituachia msemo kuhusu mji huu: waja leo, warudi leo. Mnajua ulikotoka. Sasa naogopa usije ukawa msemo wa mizigo na wa fedha. Kontena laja leo, laondoka leo kwenda Arusha. Shilingi yaja leo, yaondoka leo kwenda Dar. Je, mji unabaki na nini? Vumbi la malori?

Shilingi ni ile ile, lakini haifanyi kazi ile ile. Mama akinunua bawaba ya China dukani kwangu, mimi nabaki na faida yangu ndogo, nyingine yote inageuka dola na kuondoka. Na dola yenyewe mnakumbuka 2023 ilivyokuwa: unakwenda benki na fedha zako halali, unaambiwa subiri. Lakini mama yuleyule akinunua paketi ya maziwa ya Tanga, shilingi inakwenda wapi? Inakwenda kwa mfugaji wa ng'ombe wawili bandani kule Muheza au Pongwe, mfugaji anampa mkata majani, mkata majani anakunywa chai Mgandini. Ile shilingi imezunguka mji mara nne kabla haijapata nauli ya kuondoka.

Maziwa yetu ni hadithi ambayo hatujisifii vya kutosha. Miaka ya 1990, wakati ule ule mkonge uko chini kabisa, wafugaji wadogo wa mkoa huu walijiunga kwenye vyama vya ushirika, vyama vikaunda umoja, na umoja ukawa na hisa katika kiwanda cha maziwa pamoja na Waholanzi. Mfugaji mwenye ndoo moja asubuhi akawa mwenye kiwanda. Meli zikizunguka Afrika, ng'ombe anakamuliwa. Mpaka ukifungwa, ng'ombe anakamuliwa. Nani aliwafundisha? Shida.

Tena mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mamlaka ya maji hapa nchini. Iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa watu kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu wakanunua mpaka ikavuka lengo. Bomba la maji linajengwa kwa deni la shilingi, na linalipwa kwa bili za shilingi. Dola ikipanda leo usiku, deni lile kesho asubuhi halijaongezeka hata senti. Mnaelewa uzito wake? Mji unaokopa kwa dola huku wakazi wake wanalipa kwa shilingi unatembea na jiwe mfukoni.

Kuna mji mmoja Uskoti unaitwa Dundee. Sijafika, ila habari zake nimezisoma mara nyingi, kwa sababu ni ndugu yetu wa nyuzinyuzi. Sisi mkonge, wao juti, ile ya magunia. Juti haikuota kwao. Ilitoka Bengali kwa meli, wao wakasokota. Maelfu ya wanawake walifanya kazi kwenye vinu vile. Kisha Wahindi wakaanza kusokota wenyewe, halafu ikaja plastiki ile ile iliyotuua sisi. Mwaka 1998 ikaingia meli ya mwisho ya juti, mwaka uliofuata kinu cha mwisho kikafungwa.

Je, Dundee ilikufa? Iliumia sana, tusidanganyane, na umaskini haujaisha kule mpaka leo. Lakini sikilizeni. Pale pale kulikuwa na kiwanda cha saa, Timex, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikapewa kazi ya kuunganisha kompyuta ndogo za bei nafuu za Sinclair. Zile kompyuta zikasambaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Watoto wakazichezea, wakazichokonoa, wakajifunza kuziandikia programu. Kiwanda chenyewe kikafungwa 1993 baada ya mgogoro mkali na wafanyakazi. Kiwanda kikaondoka, lakini kilichoingia vichwani mwa watoto hakikupakiwa kwenye lori. Wale watoto wakaanzisha kampuni za michezo ya kompyuta zilizokuja kujulikana duniani kote, na mwaka 1997 chuo kikuu cha Abertay, palepale mjini, kikaanza kutoa shahada ya fani hiyo.

Mimi hapo huwa nawaza: mkonge ulipoondoka, ulituachia nini mikononi? Ulituachia. Korona zile ziliharibika kila siku, na waliozitengeneza ni mafundi wa hapa, waliojifunza kwa kuona, wanaochonga kipuri kwa macho na tupa. Wengine wamo humu ndani. Wengine wamekufa na ujuzi wao kwa sababu hakuna kijana aliyewekwa pembeni yao ajifunze. Hiyo ndiyo hasara ninayoililia kuliko tani zote za mkonge.

Sasa Mstahiki Meya, niseme lililonileta, na naomba nisieleweke vibaya.

Bomba la mafuta linakuja. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani yetu. Kila ninapokaa nasikia bomba. Mwenye kiwanja anapandisha bei kwa sababu ya bomba. Kijana anaacha ufundi anangoja ajira ya bomba. Ndugu zangu, bomba ni heri, lakini nimeshawahi kuishi kwenye mji unaongoja kitu kimoja. Wakati wa kujenga kuna kazi: kuchomelea, kuchimba, kupika, kuendesha malori. Bomba likishafukiwa, mafuta yanasukumwa na pampu. Hayabebwi na manamba. Na bei ya mafuta hatuipangi sisi, kama vile bei ya singa hatukuipanga sisi. Tusilifanye bomba kuwa mkonge wa pili. Fedha ya msimu wa ujenzi ikiingia, na tujenge nayo vitu vitakavyobaki mafuta yakishuka bei, hata yakikauka.

Vitu gani? Nitaje vichache, ninavyovijua kwa mikono yangu.

Jiji linanunua madawati, mageti ya shule, makufuli, bawaba. Linanunua kila mwaka, mlango usipofungwa na ukifungwa. Zabuni zile zikigawanywa ziwe ndogo ndogo, vikundi vya mafundi wa hapa wataziweza. Hakuna mteja mkubwa wala wa uhakika kuliko jiji lenyewe.

Kuna ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya jiji inayotengwa kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Naomba sehemu yake iende kwenye mashine. Tunampa kijana mkopo, anaagiza viatu vya mtumba, anauza, anarejesha, tunasema amefaulu. Amefaulu, sikatai. Lakini siku kontena la mtumba likikwama, atauza nini?

Mafundi wapewe eneo lenye hati na umeme wa njia tatu, pasipo hofu kwamba kesho watahamishwa. Mtu hanunui mashine ya tani mbili akaifunga kwenye sakafu asiyojua ni ya nani. Na ile maabara niliyoisema. Maabara, Mstahiki Meya. Hiyo nitaiomba mpaka siku nitakayozikwa.

Nimewaahidi kurudi kwenye bawaba.

Niliporudi kutoka kwa yule mama, nikakumbuka fundi mmoja wa vyuma kule Mikanjuni. Baba yake alikuwa fundi wa korona. Nikampelekea bawaba moja ya kichina iliyobaki, nikamwuliza: unaiweza hii? Akaigeuza, akaifungua, akaifunga, akaiweka sikioni akaisikiliza inavyolia. Akasema, "Hii bati lake jepesi. Mimi nitaweka zito." Siku ya tatu akaniletea nane, za chuma chakavu cha chesisi ya lori. Zilikuwa ghali kuliko za China, na hazikufanana sana, kwa sababu kila moja aliikunja kwa nyundo. Nilimwuliza anahitaji nini azitoe mia kwa siku, zote sawa. Akanionyesha kwa mikono miwili ukubwa wa mashine ya kukandamizia bati. Ndogo tu. Ingeenea kwenye kona ile pale alipokaa karani wa mkutano.

Yule mama wa Kange amehamia. Milango yote minne inafungwa, na baadaye kontena lilipofika nilimpelekea bawaba za kichina abadilishe kama anataka. Amekataa.

Fundi mwenyewe yuko hapa leo, amekaa nyuma, ni mtu wa aibu hapendi kutajwa. Lakini kwenye ile meza karibu na mlango wa kutokea ameweka bawaba zake sita na karatasi ya bei. Mtakapotoka, zishikeni, zifungueni, zisikilizeni zinavyolia. Na Mstahiki Meya, naona geti la ukumbi huu limefungwa kwa waya. Fundi amekuja na vipimo vyake.